Sinema ya Mkonge Tuliyoiona Nusu

Harufu ya jenereta hainipiti hivi hivi. Miezi michache iliyopita umeme ulikatika hapa Kasulu, tamthilia yetu ya saa mbili iko karibu kuanza, na Zuberi mwenye duka akawasha jenereta lake akatupitishia waya dirishani, maana mkewe naye anaifuata na huwa anakuja kukaa kwetu. Moshi wa petroli ulipoingia sebuleni nikasisimka mwili mzima. Mjukuu wangu Editha, anayefanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nduta na kuja kwangu mwisho wa wiki, akaniletea kanga.

"Bibi, baridi?"

"Si baridi. Ni sinema."

Hakunielewa. Watu wa umri wangu mtanielewa, sisi tusiozaliwa na picha ukutani.

Mimi si mtaalamu wa mambo haya. Nilisoma mpaka darasa la nne, na picha natazama ili nifurahi, kama mtu anavyotafuna muwa. Lakini maoni ninayo. Za Kihindi nazipenda kwa sababu mtu akilia analia kweli, ila mvua yao ni ya bomba, naiona inavyonyesha upande mmoja wa barabara. Za Kituruki nyumba ni nzuri na watu wanatazamana mpaka chai inapoa. Za kwetu za Dar es Salaam mgonjwa anakata roho akiwa na hereni na wanja. Na kinachonishtua kuliko vyote ni mtu niliyemlilia Jumatano akizikwa, Ijumaa nageuza chaneli namkuta anafunga ndoa. Mara ya kwanza nilimwaga chai yote kwenye mkeka. Mpaka leo nikimwona mtu huyo namwambia, wewe, mimi nilikulilia.

Siku hiyo ya jenereta, tamthilia ilikuwa imefika pabaya. Mwanamke mmoja, tajiri, mpole, ameletewa picha ya mume wake amembeba mtoto asiyemjua, pembeni kuna mwanamke mwingine anacheka. Mume anajitetea, mke hasikii.

"Mfukuze!" nikasema. "Mtolee nguo nje!"

"Bibi nawe," Editha akasema. "Subiri mwisho. Labda si yeye."

"Si yeye vipi, na picha hiyo hapo? Mimi baba yangu mzazi nilimwona kwa macho yangu kwenye sinema, ana mke mwingine na watoto wawili."

Mke wa Zuberi akapunguza sauti kwa rimoti. Editha akaweka sahani chini. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote wa uzao wangu, hata mama yake Editha. Basi nikawaambia, na sasa nawaambia ninyi.

Tulikaa upande wa Kibondo, kilimani, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ulikuwa hauondoki mpaka watu wamelima tuta la tatu. Mama yangu aliitwa Nyandwi. Baba aliitwa Kagoma, na mimi nilimwita Data, ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Wanaume wa huko wakati ule walikwenda manamba, kukata mkonge Tanga. Walichukuliwa kwa malori, wakapanda treni, wakapotea miaka miwili, mitatu. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake mkonge. Kwa Mama Sesilia walikwenda wana wawili, Bigirimana na Lazaro. Kwa Ruhaga alikwenda mwenyewe Ruhaga na shemeji yake. Kwetu alikwenda Data.

Aliondoka nikiwa mdogo, na nitasema ukweli, sura yake ilinitoka. Nilibakiwa na vitu vitatu. Kofia ya pama yenye utepe mweusi, iliyoshuka mpaka kuficha masikio, ambayo hakuivua hata akila. Koti refu. Na sikio lake la kushoto. Lilikuwa nusu sikio, mbwa alilitafuna wakati Data ni mtoto, na kila aliponibeba mabegani nilipenyeza mkono chini ya kofia nikilipapasa, laini kama ncha ya kidole cha mtoto, nikasinzia nimelishika. Usiku alipokuwa hayupo nilijipapasa la kwangu, lakini la kwangu lilikuwa zima, halikufaa.

Siku moja mchana gari likapita kijijini likipiga kelele kwa kipaza sauti. Sisi watoto tulilikimbilia mpaka pumzi zikatuishia. Sauti ilisema: jioni njooni wote uwanja wa mnada, mtaona sinema, mtaona watu wa mkonge wanavyoishi.

Yemwe! Mngeona wanawake. Kama habari ingekuwa kwamba wanaume wenyewe wanashuka kwenye lori, wasingejiandaa zaidi. Mama Sesilia alichemsha maharage akayafunga kwenye jani la mgomba ili mwenye gari awafikishie Bigirimana na Lazaro. Mke wa Ruhaga alisuka nywele mchana kutwa. Mama yangu alijipaka mawese mpaka mikono ikang'aa, akatoa kitenge chake cha ndege wa bluu, kile alichokuwa akikivaa kanisani Pasaka tu.

Nikamuuliza, "Mama, unakwenda kanisani?"

"Nakwenda kumwona baba yako. Kama mimi nitamwona, naye si ataniona? Aone nimechakaa?"

Akanipaka na mimi mawese, akaninyoosha nguo. Nikaamini. Nani angenikataza kuamini? Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuona sinema, isipokuwa katekista, na katekista alikuwa na homa.

Wakafunga shuka kubwa jeupe kwenye miti miwili. Jenereta likawashwa, na moshi wake ukatufunika sote tulioketi chini. Ndio huo moshi. Halafu shuka likawaka, likawa dirisha, na ndani ya dirisha kukawa na mkonge, mistari na mistari mpaka mwisho wa macho, na watu wanakata. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele. "Bigirimana! Bigirimana geuka!" Mama Sesilia alisimama na maharage yake. Watu wakamvuta akae.

Baadaye ikaja nyumba. Mwanamke mnene anachemsha maji kwenye chungu, anayafunika. Nadhani sasa yalikuwa mafunzo ya kuchemsha maji ya kunywa, lakini nani aliangalia maji? Akaja mbuzi mwenye madoa, akaingia ndani, akanywa yale maji ya kuchemsha, na kijiji kizima kilicheka mpaka watu wakaegemeana. Tukiwa bado tunacheka, mwanamume akatokea mlangoni. Kofia ya pama yenye utepe, imeshuka mpaka masikioni. Koti refu. Akainama kuingia kama Data alivyokuwa akiinama kwetu, akaketi, watoto wawili wakamkimbilia, mdogo akapanda juu ya goti lake.

Nilisimama nikapiga kelele, "Data! Data!"

Na yeye akageuka, akatazama moja kwa moja tulipokaa, akacheka.

Niseme nini kuhusu furaha ile? Ameniona. Nilimgeukia Mama nimwambie ameniona, nikamkuta ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Nyuma yetu mke wa Ruhaga akasema kwa nguvu, "Ni yeye! Kofia ni ile ile! Kagoma ameoa huko, yooo Nyandwi!" Mwingine akadakia, mwingine, na mwingine, Ni yeye, ni Kagoma, mpaka ikawa kama wimbo. Kwenye shuka yule mwanamke mnene alikuwa anampakulia ugali. Na mtoto yuko gotini. Goti langu.

Mvua ikapiga pale pale, mvua yetu ya kwetu isiyobisha hodi. Mwenye gari akazima mashine, akafungua shuka haraka, watu wakatawanyika na makoti vichwani. Sinema haikuendelea tena. Asubuhi gari liliondoka mapema kabla barabara haijawa tope, na maharage ya Mama Sesilia yalikutwa kwenye nyasi.

Mama hakulia. Siku ya tatu alifunga mzigo, akachukua jembe lake, akanishika mkono, tukatembea siku moja na nusu mpaka kwao Gwarama. Njiani alisema neno moja tu. Aliniambia, "Na nilivaa kitenge."

Miezi ikapita, mahindi yakavunwa, Data akarudi. Alikuta nyumba yetu imefungwa na kamba ya mgomba, majirani wakamweleza wanavyojua wao, akaja Gwarama kwa mguu na mtungi wa pombe ya ndizi kichwani. Kwetu mwanamume akija kumrudisha mkewe huja hivyo. Mtungi huwekwa katikati ya nyumba, mirija inatumbukizwa, maneno yanasemwa. Mke akikubali hutangulia kushika mrija, akanywa, akampa mume, na kesi imekwisha hapo hapo, hata kama wazee walikuwa bado na ya kusema.

Nilimchungulia kutoka chumba cha ndani. Alikuwa amekonda. Alikaa karibu na mlango, mahali pa mgeni, kofia kichwani. Babu yangu Ntahondi, baba yake Mama, ndiye aliyeanza.

"Karibu. Hatujui tukuite mkwe au mpita njia."

"Niiteni mnavyotaka, baba mkwe. Ila mniambie nilichokosa."

"Sinema imekuonyesha."

"Sinema naijua. Walituletea kambini. Lakini mimi sijawahi kuingia ndani yake."

"Kijiji kizima kimekuona."

"Kijiji kizima kimeona kofia," Data akasema. "Kofia hizi duka la Mwarabu kule zimepangwa kama mikate. Bigirimana anayo. Lazaro anayo. Nyandwi, mimi nikioa mke wa pili nitamlisha nini? Mkonge?"

Wajomba wakacheka. Mama pia, nilimwona, mdomo ulimcheza pembeni. Alikuwa amekaa upande wa pili wa mtungi na kitenge cha ndege wa bluu, ndiyo, alikuwa amekivaa tena. Akanyoosha mkono. Vidole vyake viligusa mrija. Nawaambia viligusa.

Babu akasema, "Ngoja kwanza. Mtoto ndiye aliyemwona wa kwanza. Domitila! Njoo hapa."

Nikatoka. Watu wazima wote wamenyamaza wananisubiri mimi, kitu ambacho hakijawahi kunitokea maishani. Babu akaniuliza, "Uwanjani, kwenye lile shuka, ulimwona nani?"

"Nilimwona Data."

"Huyu hapa?"

"Ndiyo."

"Alifanya nini?"

Nilijua ningemfurahisha. Hivi ndivyo nilivyofikiri, mniamini. Nilidhani Data anangoja kusikia kwamba nilimtambua, kwamba kati ya watu wote mimi ndiye niliyemwita. Nikasema, "Alikula ugali kwa yule mama. Mtoto akakaa kwenye goti lake. Halafu mimi nikamwita, akatuona, akacheka."

"Aliwaona?"

"Alituona. Alimwona na Mama na kitenge chake. Akacheka, akaendelea kula."

 Mama akauondoa mkono wake kwenye mrija taratibu, kama mtu anayeondoa mkono kwenye chungu cha moto asitake watu wajue ameungua.

Data alinitazama. Si kwa hasira. Alivua kofia, akageuza kichwa upande, akamwonyesha Babu sikio lake. "Baba mkwe, huyo mtu wenu wa kwenye shuka, alikuwa na sikio kama hili?"

Babu akaniangalia mimi. Mimi nikasema kweli yangu. "Hakuvua kofia."

"Basi," Data akasema. Akaivaa tena. "Kofia imenimaliza."

Aliinuka akaaga kwa adabu zote, kwa kupiga makofi na kuuliza hali ya kila mtu kama mila ilivyo, akampita Mama bila neno. Mlangoni alisimama. Nilidhani ataniita nikamshike sikio. Akainama, akatoka. Pombe yake wajomba waliinywa. Alirudi Tanga, na hakuonekana tena. Lazaro aliporudi alisema Kagoma amefia kule kwa homa, amezikwa kambini, na kwamba alikuwa akiishi peke yake kwenye banda la wanaume. Mama aliposikia alisema, "Huyo mke wake wa sinema hakumuuguza?" Akaendelea kupepeta maharage. Hakuolewa tena. Aliishi miaka mingi, akafa mikononi mwangu, na kitenge kile ndicho nilichomzika nacho.

Na mimi nilikua nikijua wanaume ni waongo, maana nilikuwa na ushahidi. Wachumba wawili niliwakataa kwa sababu walikuwa wanacheka mno. Hata marehemu mume wangu nilimpekua mifuko miaka arobaini. Sikukuta kitu. Nikasema anaficha vizuri.

Nilipomaliza, mke wa Zuberi alikuwa anafuta macho na tamthilia imekwisha hatukuiona. Editha akauliza maswali ya ajabu. Mbuzi alikuwa na madoa? Maji yalikuwa ya chungu? Nikamjibu, nikaenda kulala.

Jumamosi ya wiki ya tatu akaja mapema, hata "mwakeye" hakunisalimia sawasawa. Akavuta kigoda akakaa karibu yangu barazani, na simu mkononi.

"Bibi, kuna watu wanaweka sinema za zamani humu. Nimetafuta kila siku. Nataka uniambie kama ni yenyewe."

"Utafute sinema ya enzi hizo ndani ya simu? Editha, usinichezee."

"Angalia tu."

Akaibonyeza. Mkonge. Mistari na mistari. Nilishika ukingo wa kigoda chake. Mwanamke mnene na chungu chake, mdogo sasa kama kidole. Mbuzi akaingia, akanywa, na masikioni mwangu nikamsikia Mama Sesilia anavyocheka, na mke wa Ruhaga, watu ambao wote wako makaburini. Halafu mlango. Kofia. Koti.

"Ndiye," nikasema. "Ndiye Data. Umeona? Nilisema uongo?"

Watoto wakamkimbilia. Mdogo akapanda goti. Mtu akageuka, akatutazama, akacheka. Mwanamke akaanza kumpakulia ugali, na hapo ndipo mvua ilipopiga. Nikataka kumrudishia Editha simu yake.

"Bado haijaisha, Bibi."

Haijaisha. Nyie, haikuwahi kunijia kwamba kulikuwa na mbele. Yule mwanamke akaleta beseni. Yule mtu akamshusha mtoto. Akasimama, akavua kofia, akaiweka juu ya meza, akainama kunawa uso, akajimwagia maji kichwani kwa kata. Akainuka, akajifuta, akageuka huku, akageuka na kule.

Masikio mawili. Mazima yote mawili, makubwa, yanachuruzika maji.

 Nilisikia kitu kinapiga ndani ya kichwa changu kama jembe kwenye jiwe. Editha akanishika bega. "Bibi. Bibi, si yeye, eh?" Alikuwa anatabasamu, mtoto wa watu, alidhani ameniletea habari njema. Amemsafisha babu yake mzaa bibi. Hakuwa anauona ule mkono wa Mama, vidole vinagusa mrija.

"Rudisha," nikamwambia.

"Nirudishe wapi?"

"Rudisha nyuma. Kidogo."

Akarudisha kwa kidole. Maji yakapanda kutoka usoni yakarudi kwenye kata, kofia ikaruka kutoka mezani ikamkaa kichwani, masikio yakafichika, mtoto akapanda goti kinyumenyume. Editha akasimamisha hapo, mtu ametugeukia anacheka.

Nikaisogeza simu karibu na macho. Na alipokuwa ameivaa kofia, nawaapia, alikuwa Data.